Anatoka Isanga katikati ya dozi ya TB, aanzie wapi?

Nkuhungu_Juu:
Wakuu, kuna kijana anamaliza kifungo gereza la Isanga, Dodoma, mwezi ujao, kwao Bahi. Yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB, anatumia na ARV. Kabla ya kufungwa alikuwa anavuta unga. Ndugu wako tayari kumpokea ila hawajui abebe karatasi gani wala aanzie kituo gani. Naomba hatua.

Mama_Makole:
Kazi kubwa ni kabla geti halijafunguliwa. Wiki mbili kabla, ndugu aonane na muuguzi wa zahanati ya gereza, aombe uhamisho wa TB na wa CTC, yaani kliniki anayochukulia ARV. Kuandika "anahamia Bahi" haitoshi, kitajwe kituo chenyewe, na wa kule apigiwe simu awe anamtegemea. Atoke na kadi zote mbili na dawa za kumfikisha kliniki ya kwanza, na siku kadhaa za akiba.

Jina ndilo linalosumbua kuliko vyote. Gerezani anajulikana kwa jina alilotaja polisi, NIDA ina jingine. Kituo kipya kinatafuta, hakimpati, anafunguliwa faili upya kama mgonjwa mgeni. Yaandikwe yote mawili, na namba yake ya CTC ndugu aipige picha.

Sasa yuko kwenye RH, yaani rifampicin na isoniazid, dawa za TB za ile miezi minne ya mwisho. Makohozi yanapimwa tena mwezi wa tano na wa sita wa dawa. Na kama ARV zake ni TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, lazima awe na kidonge cha pili cha dolutegravir 50 mg, saa 12 baada ya TLD, maana rifampicin inaimaliza dolutegravir haraka mwilini. Akihama, hicho cha pili ndicho husahaulika: mtoa dawa anaona TLD, anatoa chupa moja, basi. Anakimeza hadi wiki mbili baada ya RH kuisha.

Zuzu87:
Mmeruka unga. Wiki mbili za kwanza ndizo zinaua. Mwili umeshasahau, kipimo alichokuwa anavuta zamani leo kinazima pumzi. Ndugu waambiwe hivyo bila kuficha, na akikutwa amelala anakoroma vibaya, haamki, apelekwe hospitali, asiachwe "apumzike".

Kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, iko Itega, hapa Dodoma. Ataanzishwa au la, daktari ndiye ataamua, kwa sababu kakaa muda bila kutumia. Ila waelezwe mapema kwamba yuko kwenye RH: rifampicin inashusha methadone, mtu anapata arosto, yale maumivu ya kukosa unga, huku anakunywa dozi kila siku, halafu anaonekana msumbufu. Na hiyo kila siku mtu wa Bahi ataiweza kwa nauli ya nani?

Mtendaji_Mstaafu:
Dawa za TB na ARV ni bure, vipimo vingine vinaweza kudaiwa. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kumwombea msamaha wa gharama, ila atataka barua ya mtendaji. Mtendaji naye atasema "simfahamu huyu". Aende na mjumbe pamoja na mwenye nyumba anayompokea, siyo peke yake.

Msiitegemee sana ile tarehe ya kutoka. Msamaha wa Rais, mara nyingi Aprili 26 au Desemba 9, humtoa mtu ghafla na karatasi zikabaki kabatini.

Nkuhungu_Juu:
Shangazi yake ana chumba Chang'ombe hapa mjini.

Mama_Makole:
Basi akae huko hadi RH iishe. Uhamisho uandikwe Kituo cha Afya Makole, Bahi baadaye.