Chembe ya Amaterasu imetokea wapi kama upande ule hakuna kitu?

nyota_kijana: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Ile chembe ya Amaterasu, yaani chembe ya miale ya anga yenye nishati kubwa mno, iliyonaswa Utah, Marekani, Mei 27, 2021, nishati yake ilikua kama elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 2.4 × 10^20, wakafuata mstari wake kurudi nyuma wakakuta unaelekea kwenye eneo tupu lisilo na galaksi za maana. Sasa kitu chenye nguvu zote hizo si kinyooke tu? Sumaku ya huko angani mbona dhaifu, hii ya dunia inaizidi karibu mara laki moja.

Chaji26: Dhaifu kweli mkuu, ila angalia umbali. Ndani ya galaksi yetu peke yake chembe inakatiza maelfu ya miaka ya nuru, na muda wote huo inasukumwa pembeni kidogo kidogo. Kinachoamua ni nishati gawanya kwa chaji (umeme inaobeba). Ikiwa ni protoni, kwa nishati ile inapinda digrii chache tu, ila kiini cha chuma kina chaji 26 kwahiyo kinapinda kama mara 26 zaidi, hapo mstari wako hauna maana tena. Na shida kubwa ni kwamba chembe yenyewe hawakuiona, walichopima ni mvua ya chembe ndogo ndogo iliyotokea ilipogonga hewa na kufika ardhini, kwa tukio moja huwezi kusema kwa uhakika ilikua protoni au chuma.

mama_sayari: Naongezea, hata ramani ya hiyo sumaku haijakaa sawa, wanaikadiria kwa kuangalia mawimbi ya redio ya pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi) yanavyozungushwa njiani, modeli moja inakupeleka huku nyingine kule. Halafu chembe iliyopinda imezunguka, inafika imechelewa hata maelfu ya miaka nyuma ya mwanga, kwahiyo kama chanzo kilikua mlipuko ukielekeza darubini leo hukuti kitu!

nyota_kijana: Duh, kumbe ndo maana. Kwahiyo hakuna namna?

Chaji26: Ipo, usitegemee chembe moja. Wale wa kituo cha Pierre Auger kule Argentina, kinachonasa chembe kama hizi, walikusanya zaidi ya 30,000 zenye nishati kuanzia elektronivolti 8 × 10^18, mwaka 2017 wakaonyesha upande mmoja wa anga unaleta nyingi kidogo, tofauti kama asilimia 6.5, na upande huo uko mbali na kitovu cha galaksi yetu, ndo ikaonekana zinatoka nje ya galaksi yetu. Galaksi ipi, bado.

mama_sayari: Na nyutrino jamani, zile chembe nyepesi mno, zenyewe hazina chaji so sumaku haizigusi. Ile iliyonaswa na IceCube, kituo cha nyutrino kule Antaktika, Septemba 22, 2017 ilielekeza kwenye galaksi ya TXS 0506+056, na darubini za miale ya gamma zikakuta galaksi hiyo inawaka kuliko kawaida muda huohuo.