Kondensateri ya redio ya lampi: kuamsha ya zamani, ao kutia mupya?

Mwana-Kadutu (Bukavu)
Wandugu jambo. Niko na Philips ya lampi ya babu, iko na lampi EZ80 (inageuza umeme wa transfo kuwa DC), EL84 (ya kutoa sauti) na ule jicho ya kijani EM80 (inaonyesha kama stesheni imeshika). Ililala ku plafo miaka mingi, juzi nikaichomeka inaunguruma mmmm tu, sauti ya batu nasikia kwa mbali. Kufungua, nakuta mukebe ya kondensateri (inaweka chaji na kutuliza umeme), mbili ndani ya mukebe moja, 50+50 µF volti 350, imetoka maji chini. Fundi mmoja anasema niiamshe pole pole na umeme kidogo, mwengine nitie mupya chini ya chasi, mwengine tena nitoboe mukebe nifiche mupya ndani ionekane ya zamani. Mi niko na ya televizyo, 220 µF volti 400, si ni nzuri zaidi juu ni kubwa?

Fundi Katuba (Lubumbashi)
Mdogo wangu apana! EZ80 mwisho wake 50 µF. Ukitia 220, kila unapowasha lampi inavutwa kwa nguvu, itakufa, na transfo inaweza kuifuata, sasa ile transfo utaitoa wapi? Kuamsha ni kwa ile iliyolala kavu. Yako imetoka maji, tuizike. Tia mbili za 47 µF volti 450 chini, na ukate waya za ya zamani, usiziache pamoja juu itaendelea kuvuja. Kufichaficha ndani ya mukebe ni kazi ya siku nzima, nani atapindua redio ya babu yako kuangalia tumbo?

Mama Neema (Goma)
Mi nilifichaga, na ikapendeza 😂 lakini ni kweli, siku nzima. Ukikosa 47 ku soko, ampuli za ekonomi zilizokufa ziko na kondensateri ndogo ya volti 400, soma yenye 4.7 µF, kumi sambamba (plus na plus, minus na minus) zinakupa 47, sura mbaya lakini inaimba. Mbele ya kugusa, toa fishi halafu umwage chaji na rezistansi ya kilo-om 10, mi ilishanitupa ku ukuta. Na mara ya kwanza washa kupitia ampuli ya waya ya wati 60 mu mstari wa umeme unaoingia redio, ikiwaka sana na isififie, zima.

Yaya Mupe (Bukavu)
Munaangalia mukebe tu. Ile inayoua redio ni kale ka kondensateri kadogo ka nanofaradi 10 kanakopeleka sauti ku EL84. Kakivuja, EL84 inakunywa umeme mpaka inakuwa nyekundu, inachoma na transfo ya sauti. Ndugu, pima pini 2 ya EL84 na chasi, iwe sifuri. Ukikuta volti chanya, badilisha, tia ya plastiki volti 630. Mi ningeanza hapo, hata mbele ya mukebe.

Mwana-Kadutu
Yaya aksanti sana, pini 2 nilikuta volti 4!! Nimetia mupya, na 47 mbili chini ya chasi, za Kigali. Kuunguruma kumeisha, jicho inafunguka. Shida moja tu, FM yake inaishia 100 MHz, stesheni ya mama iko juu ya pale, ananiuliza sasa nimetengeneza nini.

Mama Neema
😂😂 Mununulie ka redio ka piles.