Naomba ushauri: mama ana presha, je, aoge maji moto ya Ziwa Toya?

Wakubwa shikamooni. Nasoma Sapporo, Japani, na mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua siku nyingi na anatumia dawa za presha kila siku.

Jumamosi nilimpeleka Ziwa Toya, huku huku Hokkaido. Chemchemi za pale zilianza kutoka baada ya mlima Usu kulipuka mwaka 1910, na mlima bado uko hai, ulilipuka tena 2000. Mjini kuna vibwawa vya bure vya kuchovya miguu. Mama alipandisha kanga hadi magotini, akatumbukiza miguu, theluji inamdondokea mabegani, akafumba macho. Wakati wa kupanda basi hakunishika mkono. Nilifurahi mno jamani.

Sasa anataka turudi tulale hoteli, aoge mwili mzima. Hofu yangu ni joto lenyewe: maji hayo mara nyingi huwa nyuzi 40 hadi 42, halafu unatoka kwenye baridi kali. Kwa mwenye presha, dakika ngapi zinatosha?

La pili, wanawake wana upande wao lakini huoga bila nguo, hata taulo haiingizwi majini. Mama hilo haliwezi kabisa. Hoteli nyingine hukodisha bafu la familia peke yake. Aliyewahi kulitumia anieleze. Mimi ni mtoto wa kiume, siwezi kuingia naye. Nimtafutie dada wa kumsindikiza? Daktari wake nimempigia, bado hajapokea.