Nyumba ya Dani (nyanya yetu), grupu ya familia: majibu ya Hawi

JUMANNE

Mama Hawi: Familia habari ya mchana. Tumetoka Russia saa hii, ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu, eko (ile picha ya moyo ya mashine) imefanywa. Daktari amesema Hawi ako na shimo kwa moyo, kwa ule ukuta wa katikati ya vyumba viwili vya chini, na si ndogo, ni milimita 7. Ntaandika vizuri nikifika niko kwa matatu ya Kondele na analia

Anti Beryl: Woi 😭 pole sana mama. Kwani si walikuwa wanasema ni nimonia?

Mama Hawi: Walisema nimonia mara tatu. Ile kliniki tulikuwa tunaenda ni kuchomwa sindano na dawa ya siku saba alafu anarudi vile vile. Nilikuwa nawaambia huyu mtoto akinyonya anatoka jasho kwa paji la uso mpaka kofia inalowa naikamua, wananiambia nimemvalisha nguo mingi. Na joto ya Kisumu nimvalishe nguo mingi ya nini jameni. Leo daktari hata kabla aguse mashine aliniuliza swali moja tu, akinyonya anapumzika? Nikamwambia ananyonya dakika tatu anaachilia titi anahema kama mtu amekimbizwa, anarudi, anaachilia tena, mpaka usingizi unambeba na njaa yake. Akafungua kijitabu cha kliniki akaweka kidole kwa laini ya kilo. Alizaliwa 3.1. Miezi mitano sasa ako 4.6. Laini imelala kama barabara ya Ahero

Baba Hawi: Niko Mariakani kwa mizani ntapiga nikivuka

Tony: Hapa ni Tony naandikia Dani. Anasema mtoto wa shimo kwa moyo midomo huwa bluu na Hawi midomo yake iko sawa. Anasema hii ni sihoho, jicho baya, kuna mama pale soko ya Kibuye alimwangalia sana akinyonya. Ako na dawa kwa chupa analeta Alhamisi

Anko Otis: Mama Hawi kwani ulikuwa unameza dawa gani ukiwa na mimba. Ama hii kitu iko upande wa kwenu. Sisi huku hatujawahi kuwa na mtu wa moyo

Mama Hawi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Hawi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Baba Hawi: Anko kwa heshima hiyo swali isirudi hapa. Mimi niko barabarani na lori, huyo mama amebeba mtoto kila hospitali peke yake tangu Mei

Anti Beryl: (imetumwa mara nyingi) KITUNGUU SAUMU + LIMAU + TANGAWIZI hufungua mishipa ya moyo kwa siku 7, tuma kwa watu 10 uwapendao

Mama Junior wa Nakuru: Beryl hiyo toa. Mtoto wa miezi mitano anapewa kitunguu saumu na nani, na isitoshe hakuna mshipa umeziba hapo, ni ukuta haukufungana

Mama Junior wa Nakuru: Nilikuwa kazini ndio naona meseji. Anko wacha nikujibu mimi kwa sababu hiyo swali niliulizwa 2019 na nikalala nayo miaka miwili. Nilikuwa nahesabu kila kitu nilikula, mpaka ile siku nilibeba jerikeni ya maji nikaanguka. Moyo wa mtoto huumbwa wiki nane za kwanza za mimba, hapo wengine wetu hata hatujajua tuko na mimba. Kuna vitu vinajulikana, sukari ya mama ikiwa haijatibiwa, rubela, pombe, dawa zingine za kifafa, na watoto wa Down karibu nusu yao moyo huwa na shida. Lakini kwa watoto wengi hata daktari hakuonyeshi sababu. Kwa watoto 1000 wanaozaliwa karibu 8 wako na kitu kwa moyo, sasa piga hesabu ya wadi ya kuzaa. Na hiyo ya ati huku hatujawahi, Anko watoto wangapi walizikwa hapo nyuma ya boma tukasema ni kifua? Nani aliwapima?

Mama Junior wa Nakuru: Na Dani sikiza, kuwa bluu si watoto wote. Junior wangu ndio alikuwa wa bluu, midomo na kucha kama ametoka kula zambarau, akicheza mpira kidogo anachuchumaa katikati ya uwanja anapumua, watu wanacheka ati anaenda choo. Usiku akishikwa namkunjia magoti mpaka kifuani vile nilifunzwa mpaka rangi inarudi. Hiyo ni ingine, zinakuwa shida nne pamoja. Ya Hawi damu inaenda njia ingine

Mama Hawi: Eeh ndio hivyo aliniambia. Upande wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia, kwa hivyo damu yenye ishatoka mapafu na oksijeni yake inasukumwa kwa shimo inarudi tena mapafu, mapafu inajaa ndio anahema hivyo. Nikamuuliza na mbona hawakusikia siku ya kuzaliwa, si walimpima? Akasema mtoto akizaliwa presha ya mapafu bado iko juu, damu haipiti sana hapo, ikishuka wiki kadhaa baadaye ndio inaanza kumwagika. Kwa hivyo hata wale wa wadi sitawalaumu. Wale wa nimonia ya tatu ndio nawalaumu

Mama Hawi: Kwa skrini kuna rangi nyekundu na bluu zinaruka pale kwa shimo. Nilianza kulia nikadhani hiyo bluu ni damu mbaya. Akasema hapana mama, nyekundu ni damu inakuja upande wa kile kifaa ameshika na bluu ni inaenda mbali, ni mwelekeo tu. Hawi naye ametulia na jeli yote kwa kifua anaangalia taa

Tony: Dani anauliza si inaweza kujifunga yenyewe

Mama Hawi: Zile ndogo wengi hujifunga. Ya milimita 7 na mtoto haongezi kilo, hapana. Amesema tusikae. Ikikaa miaka mishipa ya mapafu inakauka inakuwa migumu, presha ya kulia inashinda ya kushoto, damu inageuza njia, hapo ndio midomo inakuwa bluu na hapo hata upasuaji hawafanyi tena. Ameniandikia barua ya Eldoret, hospitali ya Moi. Saa hii ni Lasix, dawa ya kukojoza maji, natwanga kwa maji namnywesha na bomba la sindano. Anyonye kidogo kidogo kila masaa mawili, na nikamue ingine nimpe na kijiko akichoka

Mama Junior wa Nakuru: Eldoret ni sawa. Tenwek pia wanapasua, na Mater Nairobi, si hiyo ndio ya Heart Run watu hukimbia kuchangia watoto wa moyo. Chanjo usiruke hata moja. Na Hawi mwenyewe ashasajiliwa chini ya baba yake kwa kadi ya bima?

Anko Otis: NHIF inalipa hiyo?

Mama Junior wa Nakuru: Anko NHIF iliisha Oktoba 2024, bima ya serikali sasa ni SHA 😅 na ninyi wa jua kali mnalipa ya mwaka mzima mara moja. Baba Hawi angalia usiku huu, usingoje mfike Eldoret kwa dirisha ndio muambiwe mtoto hayuko kwa mtandao

Baba Hawi: Mimi na mama tuko. Hawi hayuko. Naingiza sasa

JUMATANO

Tony: Dani hajalala. Anasema aandikwe hivi. Yule wake wa pili, kabla ya baba yenu, alifika miezi saba. Alikuwa anatoka jasho akinyonya. Alikuwa anamfuta na leso

Anti Beryl: 😢

Baba Hawi: Dani hatukuwahi kujua

Tony: Anasema hakuna mtu aliuliza

Anko Otis: Mama Hawi angalia simu nimetuma 3,000. Ya gari ya Eldoret

Mama Hawi: Nimeona Anko. Asante

Anti Beryl: Mimi ntakuwa na 1,500 Ijumaa, na pampasi, hiyo Lasix inamkojoza najua

Mama Hawi: Pampasi nne tangu asubuhi 😂 lakini kuhema imepungua kidogo

Tony: Dani bado anakuja Alhamisi. Anauliza alete nini

Mama Hawi: Aje. Chupa aache nyumbani

Tony: Anauliza na kuku?

Mama Hawi: Kuku alete