Siasa hazikaangwi na vitunguu? Huyu mzee wa London ananijua vizuri?

Wakuu, mods msiuhamishie huu uzi jukwaa la mapishi, nawaomba. Ni wa siasa.

Natoka ukumbini sasa hivi, vidole bado vinanuka bizari, usingizi hauji. Mnamjua huyu mtu. Yeyote aliyewahi kukanyaga harusi ya Waswahili Uingereza anamjua. Yule wa suti nyeupe, yule ambaye akiikaribia maiki MC anaanza kukusanya nyaya zake aende nyumbani. Simtaji. Haina haja.

Leo asubuhi, tarehe 2 Novemba 2024, Conservative, chama kikuu cha upinzani Uingereza, wametangaza kiongozi mpya, Kemi Badenoch kambwaga Robert Jenrick kwa kura 53,806 dhidi ya 41,388. Hongera zake. Kufika jioni mzee wetu kashuka kwenye basi la London, hata mikono hajanawa, tayari ni bingwa wa mambo ya Scotland. Kakaa meza ya wazee anahubiri: mwenzetu Mwafrika kashika upinzani, sasa habari za Scotland kujitenga zimezikwa rasmi. Wazee wanaitikia, "Naam, naam." Mimi napita na sinia. Nikasema kwa adabu zangu zote, shikamoo nimeitanguliza, "Baba, chama chake huku Scotland kina wabunge 5 kati ya 57 tunaowapeleka London. Atazika nini?"

Wakuu. Akanitazama kuanzia kiremba hadi kandambili, mkono ukiwa umeshashika mfupa wa nyama NILIYOIPIKA MIMI, akasema: "Dada, siasa hazikaangwi na vitunguu. Tua sinia, urudi jikoni."

Ukumbi ukapasuka. Mpaka bibi harusi, anayetakiwa kuinamisha kichwa leo kuliko siku zote, kacheka mabega yakaruka.

Mfupa wangu. Mkononi mwake. Ananiambia vitunguu.

Mimi naishi Glasgow. Tarehe 18 Septemba 2014 nilipiga kura ya uhuru wa Scotland nikiwa na pasi ya Tanzania, maana raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku aliruhusiwa. Yeye wa London hakuruhusiwa, kama ambavyo hakuruhusiwa hata Mskoti wa kuzaliwa aliyehamia huko. Asiye na kura ananiambia nitue sinia!

Halafu, nikiwa bado nimeganda pale, anawauliza wenzake kama Kemi atahamia Edinburgh. Jamani! Kiongozi wao wa Edinburgh ni Russell Findlay, kachaguliwa Septemba hii, ndiye anayesimama kumbana John Swinney, kiongozi wa serikali ya Scotland, kila Alhamisi pale Holyrood, bunge la Scotland. Kemi wa London ana maswali yake sita kwa waziri mkuu Starmer kila Jumatano, basi. Kura ya maoni nyingine inahitaji ruhusa ya London, Mahakama ya Juu ilishasema hivyo 2022, na ruhusa iko kwa walio serikalini. Kiongozi wa upinzani kwenye hilo suala hana hata ufunguo wa choo.

Hayo yote yalinijia nikiwa jikoni, ninamenya vitunguu vya supu ya asubuhi, nalia, na watu wanadhani ni vitunguu.

Nisaidieni jibu la kumpa. Desemba kuna harusi nyingine, na mnajua atakuja hata asipoalikwa.

Mkaa Pembeni: Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Kisu Butu: Povu lote hili kisa mfupa? Pilau lenyewe lilikuwaje?

Mleta uzi: Alirudi mara ya pili na sahani ya mkewe. Mkewe hakuja.

Tanga Line: Hii chai. Mzee namjua, hapandi basi yule. Anaomba lifti, anakaa mbele, anabadilisha redio yako, na mkifika kituo cha mafuta anapatwa na usingizi.

Mleta uzi: Kumbe unamjua!

Tanga Line: Mimi ndiye niliyemleta.

Mkaa Pembeni: 😂😂😂

Msomi wa Dundee: Dada pole, ila mzee hajakosea kila kitu. Kiongozi mpya wa upinzani anaweza kugeuza mjadala. Ruth Davidson, kiongozi wao wa Scotland wakati ule, aliwapandisha Conservative hadi nafasi ya pili Holyrood mwaka 2016, viti 31, kwa wimbo mmoja tu: hapana kura ya pili. Kwa hiyo hoja ya mzee ina mguu.

Mleta uzi: Ruth Davidson hakushika mfupa wangu.

Msomi wa Dundee: Najadili hoja.

Mleta uzi: Na SNP, chama kinachodai uhuru, mwaka huohuo walipata viti vingapi? 63. Kaburi gani hilo, maiti ndiye anayeunda serikali?

Paka wa Soko: Kelele hizihizi zilipigwa 2015 Corbyn alipoingia kuongoza Labour. Tukaambiwa mrengo wa kushoto wote utarudi Labour, uhuru kwisha. 2017 kweli SNP wakashuka kutoka wabunge 56 hadi 35 bunge la London, watu wakasherehekea. 2019 wakarudi 48, Labour ikabaki na mbunge 1 Scotland nzima, Corbyn yuleyule. Julai hii SNP wameanguka hadi 9. Sasa niambieni nani kazika na nani kafufua, maana mimi nimechoka kuchimba.

Msomi wa Dundee: Tofautisha kura za SNP na kura za uhuru. SNP wakianguka haina maana watu wameacha kuutaka uhuru. Huko ndiko mzee anakopotea.

Mleta uzi: ASANTE. Kumwambia hivyo ndio nikaambiwa vitunguu.

Kisu Butu: Hukumwambia hivyo. Ulimwambia habari za wabunge 5. Soma uzi wako.

Mleta uzi: Kisu, umelipwa shilingi ngapi?

Mchuzi Mzito: Mimi swali langu, Lagos imekuwa Kariakoo lini? "Mwenzetu" kwa lipi? Kazaliwa Wimbledon, kakulia Lagos. Atutajie mwenzetu mmoja aliyemjua.

Msomi wa Dundee: Jina la Badenoch lenyewe ni la mume, na ni eneo la milimani huku Scotland. Mzee angeanzia hapo angepata pointi.

Nairobi Wahid: Nyinyi bishaneni tu. Sisi Wakenya tulishaongoza Scotland mkiwa bado mnamenya vitunguu. Mamake Humza Yousaf alizaliwa Kenya. 🇰🇪

Mchuzi Mzito: Haya, wameamka.

Paka wa Soko: Kaingia Machi 2023, katoka Mei 2024. Hata viza ya mwanafunzi inakaa zaidi. Tangu Obama hamshikiki, kila anayeshinda mahali mnaenda kupekua cheti cha wazazi.

Nairobi Wahid: Wivu tu. Leteni wenu.

Karafuu Kavu: Mimi nawasoma tu na moyo unaniuma. Wenzetu wameungana tangu 1707, 2014 wakapewa karatasi, Ndiyo au Hapana. Hapana ikashinda kwa asilimia 55, Glasgow ikasema Ndiyo, kesho yake watu wakaenda kazini. Sisi wa 1964, Tanganyika na Zanzibar, hata ile karatasi hatujaiona rangi.

Mchuzi Mzito: Ilikuwa lazima tufike huku?

Karafuu Kavu: Tumefika huku kabla hujazaliwa.

Mod: Uzi wa Muungano upo. Kaendelezeni kule.

Karafuu Kavu: Kila siku upo, kila siku umefungwa.

Mleta uzi: Jamani. Mfupa. Wangu. Tunaomba turudi kwenye mada.

Kisu Butu: Dada, 2014 ulipiga Ndiyo au Hapana?

Mleta uzi: Kura ni siri.

Kisu Butu: Alipiga Hapana huyu 😂 mzee na yeye ni kambi moja, wamegombania nyama tu.

Mleta uzi: NAKU-REPOTI.

Tanga Line: Kwa kuwa wa Glasgow mko wengi hapa, nani anamjua yule jamaa wa mizigo, yule wa gari la bluu? Nimempa pipa kabla ya Ramadhani, mpaka leo ni "lipo Mombasa, lipo Mombasa".

Mkaa Pembeni: Wa gari la bluu? Mwenye miwani ya jua hata kukiwa na mvua?

Tanga Line: Huyohuyo!!

Mkaa Pembeni: Mimi aliniambia langu lipo Salalah, Oman. Nilituma viatu vya wanangu, sasa hivi miguu yao imeshavipita.

Nairobi Wahid: Msiichafue Mombasa. Bandari yetu haina shida, shida ni huyo mtu. Ana jokofu la shangazi yangu.

Paka wa Soko: Kwangu alitoza pauni 90 halafu akaomba "ya forodha" mara mbili.

Mleta uzi: Fungueni uzi wenu!

Karafuu Kavu: Nina namba ya mkewe. Mwenye pipa lililopotea aje inbox.

Msomi wa Dundee: Nipo inbox.