Kulipia wakili kila mwezi kwa biashara ndogo, inafaa au ni kupoteza hela?

mchapa_tisheti
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa aliyewahi kutumia hii kitu. Nina biashara ya kuprinti tisheti na kofia, tuko wanne tu. Juzi kati nilipata oda kubwa, mteja akanitumia mkataba wa kurasa 14, nikasaini bila kuumaliza maana akili yote ilikuwa kwenye oda, kumbe humo ndani kuna kipengele kinasema analipa siku 90 baada ya kupokea mzigo na akichelewa hakuna riba wala fidia. Vitambaa nilichukua kwa mkopo, kwa hiyo miezi mitatu yote sikupata usingizi, na vijana wangu niliwachelewesha mshahara, hiyo ndo imeniuma zaidi. Sasa naona kuna kampuni za mtandaoni unalipia kila mwezi kama bando, wanakupa templeti za mikataba na unaongea na wakili kwa simu. Je kwa mtu wa size yangu inalipa? Au bora nitafute wakili siku nikipata shida? Natanguliza shukrani.

fundi_aluminiamu
Pole sana mkuu, hilo la siku 90 limeshatukuta wengi.
Mimi nalipia mwaka wa pili sasa. Mwanzo nilikuwa nalipa tu halafu sipigi simu, naogopa kuuliza vitu vidogo naona aibu, nikaona hela inaenda bure. Kilichobadilisha mambo ni pale nilipojiwekea sheria moja, hakuna karatasi nasaini kabla haijapita kwa wakili, hata kama mteja amesimama mlangoni anasema ana haraka, namwambia tu bosi nipe mpaka kesho. Aliyekuwa na nia nzuri anasubiri. Na kuna mmoja alikasirika akaondoka, nikaja kushukuru baadae.
Ila soma idadi ya kurasa. Plani yangu wanapitia hati mpaka kurasa 10, zikizidi unaongezea hela, huo wa kwako wa 14 ungeongezea.

stoo_ya_vipuri
Mimi sishauri. Nilijiunga nikiwa tayari nina mgogoro na mwenye nyumba ya biashara, nikajua nimepata mkombozi, kufika kule naambiwa shida iliyoanza kabla hujajiunga haihusiki. Nikaja kujitoa nakuta mkataba wao unajirenyu wenyewe na ilibidi nitoe taarifa mwezi mmoja kabla, wakakata tena. Watu wa sheria hao hao!

wakili_wa_mtaani
Habari ndugu zangu. Mimi ni wakili, nimewahi kufanya kazi kwa mfumo huu na pia kwa kutoza kwa saa, kwa hiyo nimeuona kwa pande zote mbili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya LegalShield ya Marekani mizizi yake ni 1972, Rocket Lawyer wakaja 2008 na kuliweka mtandaoni. Hesabu yake ni ile ile ya bima, wengi wanalipa kidogo kidogo na wachache wanapiga simu. Kwa hiyo ndugu mwenye aluminiamu amesema kweli, ukilipa ukanyamaza umemfaidisha mwenye kampuni tu.

Faida yake kubwa wengi hawaioni. Mawakili wengi wanaotoza kwa saa wanaikata saa vipande 10 vya dakika 6, ukipiga simu ya dakika 2 umeshahesabiwa 6, ndo maana mwenye biashara ndogo anaogopa kupiga na anakuja kwetu moto umeshashika paa. Ukiwa umeshalipia mwezi hiyo hofu inaondoka, unauliza kabla ya kusaini, na mkataba kabla ya kusainiwa ni kitu kinachobadilika kirahisi sana. Huo wako wa siku 90 ungeniletea mapema ningekuandikia mistari miwili tu: nusu inalipwa kabla ya kuanza kuprinti, na mzigo unabaki mali yako mpaka hela yote iingie. Wateja wakubwa wanakubali haya kuliko mnavyodhani, shida ni kwamba hakuna anayewaomba.

Swali lingine kwako, picha unazoprinti nani anazichora? Kama ni dizaina wa nje jua kwamba kumlipa pekee mara nyingi hakukupi hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki inazaliwa kazi ikishafanyika, haihitaji kusajiliwa, na kwa kawaida mwenye haki ni aliyechora mpaka aihamishe, na nchi nyingi zinataka hilo liwe kwa maandishi. Nimeona watu wanazuiwa kuuza nembo yao wenyewe kwa sababu hii, inasikitisha mno kwa sababu karatasi moja ingetosha.

Sasa angalieni haya kabla ya kulipa. Kampuni ya templeti na kampuni ya mawakili ni vitu viwili tofauti, kwenye ya templeti anayekujibu anaweza asiwe wakili kabisa, na ile siri ya wakili na mteja, yaani unayomwambia wakili yasitolewe nje, inaweza isikulinde. Omba jina la wakili na uhakikishe ana leseni hai ya sehemu ambayo biashara yako ipo, chama cha mawakili wanakuwa na orodha. Kesi mahakamani mara nyingi haimo, unapewa punguzo tu, kwa hiyo usidhani umekata bima ya kesi. Na kama huyo unayegombana naye ni mteja wao pia hawawezi kukusimamia, uliza mapema wanafanyaje ikitokea.

Ndugu wa vipuri pole, hicho kipengele cha shida za zamani kipo karibu kila mahali, ila ilikuwa haki yako kuambiwa waziwazi kabla hujalipa.

mchapa_tisheti
Asante sana wakili, hapo kwa dizaina umenishtua, nina picha kama 20 za kijana mmoja na hatujawahi kuandikiana chochote. Sasa kwa mwezi nasaini mikataba miwili mitatu hivi, inatosha kulipia au bado?

wakili_wa_mtaani
Miwili mitatu kila mwezi inatosha. Ingekuwa miwili kwa mwaka ningekuambia tafuta wakili akupitishie kwa bei ya mkupuo, mmalizane. Chukua ya mwezi kwa mwezi, usifunge mwaka mzima hata wakikupa punguzo, na ndani ya mwezi wa kwanza wape kazi tatu: mkataba wako mwenyewe wa kuuzia ili usiwe unasaini vya wenzio, hati ya kuhamisha haki ya hizo picha, na mikataba ya hao vijana wako. Ukiona wanachukua zaidi ya siku tatu kujibu, jitoe.

fundi_aluminiamu
Hiyo ya vijana usiiache mwisho mkuu, hasa ulivyosema uliwachelewesha mshahara.

mchapa_tisheti
Nimeelewa. Kesho naanza na kijana wa picha, namlipa kitu kidogo juu tuandikishane vizuri maana naye katoka mbali na mimi, halafu jioni napigia kampuni mbili niwaulize hayo ya leseni na kujitoa. Nitarudi hapa kuwaambia walivyonijibu.