Nimenunua nyumba yenye wapangaji, kodi inaenda kwa mwenye nyumba wa zamani. Nifuate njia ipi?

Mgeni_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ina wapangaji wanne, na uhamisho wa hati umeshakamilika. Wawili wana risiti za kodi ya mwaka mzima waliyomlipa muuzaji, bado miezi saba. Wa tatu anasema hatoi hata mia mpaka mzee mwenyewe amwambie. Wa nne ana deni la tangu mwaka jana. Nimbane muuzaji, niende baraza, au niwape wote notisi nianze upya?

BiHati: Wenye risiti waache. Wamelipa kabla hawajajulishwa, huwatozi mara mbili, na mkataba wao umekuja na nyumba. Pesa yako anayo muuzaji. Kodi ni shilingi ngapi?

Mgeni_Tabata: Laki na nusu kila mmoja kwa mwezi.

BiHati: Basi unamdai 2,100,000. Deni la mwaka jana ni la muuzaji, labda kama mkataba wa mauziano unasema umelinunua.

Chuma_Moto: Mnamdekeza. Kata umeme, ng'oa mlango, watalipa jioni hiyo hiyo.

BiHati: Kaka, akifanya hivyo yeye ndiye atakayeshtakiwa.

Dalali_Mstaafu: Huyo wa tatu mimi namuelewa. Umemtumia ujumbe "kodi tuma kwenye namba hii", sivyo? Mtanzania gani atatuma? Andikeni barua moja, wewe na muuzaji msaini wote wawili: nyumba imeuzwa tarehe fulani, kodi ilipwe akaunti hii. Nakala ipeleke serikali ya mtaa, na kila mpangaji asaini kuwa ameipokea. Kwa uzoefu wangu barua hiyo inamaliza ugomvi mwingi kuliko baraza.

Mwanasheria_Uchwara: Baraza lina foleni yake. Tangu marekebisho ya sheria mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hiyo njia mwekee atakayekataa kulipa hata baada ya barua. Notisi kwa wote ni kujitia hasara, nyumba tupu hailipi.

Mama_Nakuru: Huku Kenya kuna na dipoziti. Mpangaji akihama ataidai kwako, na aliyeila ni muuzaji. Uliza mapema.

Mgeni_Tabata: Asanteni. Muuzaji nimempigia, anasema hiyo kodi ilishaliwa, ila barua atasaini.

BiHati: Bei ya nyumba umemaliza kumlipa?

Mgeni_Tabata: Bado milioni tatu, mwisho wa mwezi.

BiHati: Na ulikuwa unangoja nini kutuambia! Usikate kimyakimya. Kaeni mbele ya wakili, muandikishane kuwa kodi inatolewa kwenye salio, umpe 900,000. Barua aisaini siku hiyo hiyo, kabla hajahesabu pesa.